Mwani wa Bwawani na Taa ya Ubongo: Historia Fupi ya Optojenetiki

Anayesoma baiolojia ya ubongo siku hizi hachelewi kuonyeshwa panya mwenye uzi mwembamba wa kioo kichwani. Mwanga wa buluu ukipitishwa katika uzi huo, panya anaanza kukimbia kwa kuzunguka upande mmoja. Taa ikizimwa, anaacha. Mbinu hiyo ya kuziamrisha seli za neva kwa mwanga inaitwa optojenetiki. Ukiuliza nani aliyeianzisha, mara nyingi utapewa jina moja na mwaka mmoja: Karl Deisseroth wa Chuo Kikuu cha Stanford, 2005. Jibu hilo si uongo, ila limekatwa pande zote mbili. Makala haya yanataka kurudisha vipande vilivyokatwa.

Tuanze na tatizo lenyewe. Tangu Luigi Galvani wa Bologna alipochapisha mwaka 1791 majaribio yake ya miguu ya chura iliyoshtuka kwa umeme, wataalamu walijua kwamba neva huitikia umeme. Lakini elektrodi ikichomekwa katika ubongo, huamsha kila seli iliyo jirani. Ni sawa na kutaka kumwamsha mwanafunzi mmoja bwenini kwa kupiga kengele: wataamka wote, na hutajua nani alifanya nini. Mwaka 1979 Francis Crick, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, aliandika kwamba sayansi ya ubongo inahitaji njia ya kugusa aina moja ya seli na kuziacha nyingine kama zilivyo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1999, alidokeza kwamba mwanga ungefaa kazi hiyo. Namna ya kuifanya hakuwa nayo.

Jibu lilikuwa likipikwa mahali pengine, na watu ambao hawakuwa wakichunguza ubongo. Mwaka 1971 Dieter Oesterhelt na Walther Stoeckenius walionyesha kwamba kijidudu kimoja kinachoishi katika maji ya chumvi kali kina protini ya zambarau inayonasa mwanga, ndugu wa mbali wa ile iliyomo machoni mwetu. Kisha Mjerumani Peter Hegemann akajishughulisha na mwani wa seli moja uitwao Chlamydomonas, unaoishi katika maji na udongo wa kawaida. Mwani huo una doa dogo mfano wa jicho, na huogelea kufuata mwanga au kuukimbia. Hegemann alitaka kujua unafanyaje. Mwaka 2002 na 2003, yeye pamoja na Georg Nagel na Ernst Bamberg walithibitisha kwamba protini inayopokea mwanga ndiyo hiyohiyo mlango wa seli. Mwanga wa buluu ukiigusa, mlango unafunguka na ayoni zenye chaji chanya zinaingia. Katika seli ya neva, kuingia kwa chaji ya namna hiyo ndiko kunakowasha ishara.

Hapo mbio zikaanza. Kwa kweli Gero Miesenböck, akiwa New York, alikwisha kuzifanya seli za neva zitii mwanga mwaka 2002, akitumia jeni za jicho la nzi wa matunda. Mwaka 2005 yeye na Susana Lima wakawaongoza nzi wazima kwa mwanga. Lakini njia ya 2002 ilihitaji jeni kadhaa na ilikuwa ya polepole, ilhali mwani ulitoa jeni moja tu na kasi ya sehemu ya elfu ya sekunde. Mwaka huohuo wa 2005 Edward Boyden, Feng Zhang na Deisseroth walichapisha matokeo ya kuitia jeni hiyo katika neva za panya zilizokuzwa maabara. Kabla mwaka haujaisha, maabara za Ujerumani na Ohio nazo zilikuwa zimechapisha ya kwao.

Na Zhuo-Hua Pan? Huyu alikuwa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, akitafuta namna ya kuwarudishia vipofu uwezo wa kuona. Mwaka 2004 alikwisha kuitia jeni ya mwani katika retina za panya na kuona seli zikiitikia mwanga. Makala yake yalikataliwa, yakatoka mwaka 2006. Tuzo ya Ubongo ya 2013 iligawiwa watu sita, na Tuzo ya Lasker ya 2021 watu watatu. Jina la Pan halimo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. Tarehe ya kuchapisha si tarehe ya kufanya kazi, lakini tuzo husoma ile ya kwanza.

Kuwasha peke yake hakukutosha; ilibidi kuzima pia. Mwaka 2007 ikaongezwa protini inayozinyamazisha neva kwa mwanga wa manjano. Ilitoka kwa kijidudu kinachoitwa Natronomonas pharaonis, jina linalomkumbuka Farao, kwa kuwa kilipatikana katika maziwa ya magadi ya Misri. Jamaa zake wanaishi pia Ziwa Magadi, Kenya. Magadi yaleyale tunayoyajua kutoka jikoni, ya kulainishia maharage!

Mwaka 2021 timu ya José-Alain Sahel na Botond Roska ilitangaza habari za mwanamume wa miaka 58, kipofu kwa ugonjwa wa retina. Baada ya kutiwa jeni ya aina hii jichoni na kuvaa miwani maalumu, aliweza kutambua daftari lililokuwa mezani, akanyoosha mkono na kuligusa. Wazo alilokuwa nalo Pan kule Detroit lilikuwa limemfikia mtu.

Wengi wetu hapa chuoni tunaandika maombi ya fedha za utafiti, na swali la kwanza kwenye fomu ni faida yake nini. Hegemann angejibu nini miaka ile? Kwamba anataka kujua mwani unaogeleaje. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi tunapoisimulia historia hii darasani, tuvihesabu vidole vyote, hata kile ambacho hakikuvishwa pete.