Nguo Isemayo kwa Nyuma

Ukitaka kuona umbeya uliochapwa ukahifadhiwa, usihangaike na majumba ya makumbusho. Tazama akina mama wakitoka sokoni Lushoto kurudi Gare. Soma kanga zao kwa nyuma.

Kanga ilizaliwa pwani, Unguja na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Inasimuliwa kuwa wanawake walikata leso sita, wakazishona pamoja. Pindo na mji vikapatikana, lakini nguo ilikuwa bado bubu! Maneno, yaani jina, yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20. Anayetajwa kuyaanzisha ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kama Abdulla. Kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Kanga nyingi zilichapwa ng'ambo: Ulaya, India, hata Japani. Hebu fikiria, fundi wa Kijapani anachapa mafumbo ya wake wenza wa Kiswahili!

Na ujanja uko hapo. "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mama anajifunga hiyo, anapita taratibu mbele ya mlango fulani. Ukimwuliza, atakujibu, "Ah, mie nimevaa nguo tu." Mzee gani wa baraza atamtoza faini? Wanaume walikuwa na baraza la kusemea. Yeye alikuwa na pamba tu, akaigeuza ulimi.

Kanga ya zamani hutuachia maneno, haituachii jina la mlengwa. Sisi tunaoota kuandika riwaya tuwaulize bibi zetu wangali hai: hii ulimnunulia nani? Wangu alicheka, akaikunja, akairudisha sandukuni.