Mche wa ndizi unaoonekana mzima: jinsi labo inavyotafuta virusi, kutoka Masisi hadi Walikale

Mtu anayerudi kijijini baada ya kukimbia vita, iwe upande wa Masisi au wa Walikale, kati ya kazi zake za kwanza ni kutafuta miche ya ndizi. Shamba limegeuka pori, nyumba haina bati, lakini mgomba ukishakamata udongo unalisha watu miaka na miaka bila kununua mbegu tena. Basi anaomba watoto wa mgomba kwa jirani, kwa shemeji, au ananunua sokoni. Wanafungwa kwa kamba, wanapanda pikipiki, jioni wako ardhini. Hakuna aliyeuliza kama ni wazima. Na hata angeuliza, jicho peke yake haliwezi kujibu.

Masisi inalijua jambo hili kuliko sehemu nyingine nyingi. Ni huko, mwaka 2001, ambako ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza ndani ya Congo. Ripoti ya kisayansi, iliyoandikwa na watafiti akiwemo Vigheri Ndungo wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, Butembo, ilitoka mwaka 2006. Miaka mitano katikati hapo, miche na panga vilikuwa vikitembea. Mnyauko unaletwa na bakteria, si virusi: ukikata shina unaona uteute wa njano, na ndizi zinaiva kabla ya wakati. Unajionyesha. Virusi ni wapole zaidi, na ndiyo sababu ni vigumu kuvikamata.

Kinachoogopwa zaidi ni BBTV, kirusi cha ugonjwa ambao maagronomu wanauita bunchy top. Majani mapya yanatoka mafupi na membamba, yamesimama wima na kusongamana juu kama ufagio. Kingo zake zinakuwa njano. Ukigeuza jani na kuangalia karibu na mshipa mkubwa wa kati, unaona vinukta na vistari vya kijani kilichokolea. Mgomba ulioshikwa ukiwa mdogo hauzai mkungu. Dawa ya kuuponya haipo.

Ugonjwa huu uliandikwa kwanza visiwani Fiji mwaka 1889. Miaka ya 1920 uliangusha kilimo cha ndizi mashariki mwa Australia, na mwaka 1927 mtafiti Magee akaonyesha kwamba unabebwa na vidukari, wadudu wadogo wa kahawia wanaojificha chini ya makuti ya shina na ndani ya jani lililoviringika. Congo iliujua tangu miaka ya 1950, huko Yangambi, kandokando ya mto, si mbali na Kisangani. Upande wa pili, bonde la Ruzizi lilitajwa katika miaka ya 1980. Ukitazama ramani, Walikale iko kwenye barabara ya kutoka Bukavu kwenda Kisangani, katikati ya pande hizo mbili. Hivi karibuni zaidi kirusi kimeripotiwa Uganda, sehemu za West Nile, na Tanzania mkoani Kigoma.

Kidukari hakiruki mbali sana. Anayekifikisha kirusi mbali ni binadamu, kwa mche. Mche unaweza kuchukuliwa kwa mama mwenye ugonjwa ukiwa bado hauna alama yoyote, halafu alama zikaanza wiki au miezi baadaye kwenye shamba jipya. Kwenye milima ya Masisi baridi inachelewesha mambo zaidi: vidukari ni wachache, lakini pia mgomba mgonjwa unakawia kuonyesha dalili. Chini kwenye joto la Walikale mambo yanakwenda mbio. Kwa hiyo mlimani mtu anaweza kugawa miche kwa roho safi kabisa, na kumbe anagawa ugonjwa.

Hapo ndipo kipimo cha labo kinaingia. Neno PCR si geni Kivu Kaskazini. Watu walilisikia wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wakalisikia tena kwa Covid. Kwa mgomba ni kazi ileile. ADN ya BBTV imegawanyika katika vipande visivyopungua 6 vya mviringo, kila kimoja na herufi kama 1,100. Mashine inapasha joto na kupoza mara 30 au 35, na kila mzunguko kipande kinachotafutwa kinaongezeka maradufu. Kimoja kikizunguka mara 30 bila kukosea kinakuwa zaidi ya bilioni. Kitu ambacho hakikuonekana kinaonekana.

Lakini kuna mitego, na mtego wa kwanza kila mkulima anaujua kwa shati lake. Utomvu wa mgomba ukidondoka kwenye nguo, doa halitoki. Vitu vilivyomo katika utomvu huo vinazuia pia kimeng'enya kinachonakili ADN ndani ya mashine. Labo inapima, haioni kitu, inaandika "hakuna virusi", kumbe kipimo chenyewe kilikuwa kimekufa. Ndiyo maana labo nzuri inaongeza dawa ya kufunga uchafu huo wakati wa kusaga jani, inazimua sampuli, na juu ya yote inatafuta pia, katika sampuli hiyohiyo, jeni ya mgomba wenyewe. Jeni hiyo ikikosekana, jibu linatupwa na kazi inaanza upya. Jibu la "hakuna" bila ushahidi huo halina thamani, hata likija na muhuri.

Mtego wa pili ni mahali pa kukata. BBTV inakaa kwenye mirija inayobeba sukari, kwa hiyo kipande cha mshipa wa kati au kikonyo cha jani changa kinasema zaidi kuliko ubapa wa jani zee. Na kipande hicho kisifungwe kibichi kwenye sachet ya plastiki na kuachwa kwenye jua: kitaoza kabla ya kufika. Kikaushwe haraka, ndani ya karatasi au pamoja na chembe za silika, kiandikwe jina la kijiji, aina ya ndizi na tarehe. Barabara ya Sake, Masisi, Nyabiondo hadi Walikale haifahamiki kwa huruma, hata siku ambazo bunduki zimenyamaza.

Mtego wa tatu ndio mgumu, na unawahusu hasa wapandaji wa makemba. Kuna kirusi kingine, BSV, kinacholeta michirizi ya njano inayogeuka nyeusi kwenye majani. Ndizi nyingi za milima ya Afrika Mashariki zina urithi wa mzazi mmoja tu, ambaye wataalamu wanamwita A. Makemba yana A na B, na ndizi ya pombe Pisang Awak, ambayo Waganda wanaiita Kayinja, ina B pia. Sasa, zamani sana vipande vya BSV viliingia ndani ya ADN ya B na kubaki humo. Mara nyingi vimelala tu. PCR ya kawaida haitofautishi kirusi kilicho hai na maandishi hayo ya kale. Kemba zima la Walikale linapimwa, jibu linakuja "kuna virusi", na mgomba bora wa mbegu unaondolewa bure.

Kurekebisha hilo kuna njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza: kuweka kingamwili ndani ya kichupa, zinakamata chembe kamili za kirusi, ADN ya mgomba inasafishwa, ndipo PCR inafanyika. Usafi ukipungua, kosa linarudi. Ya pili inanakili ADN ya mviringo peke yake, kwa joto moja la kama digrii 30. Kirusi kilicho hai kina ADN ya mviringo. Kile kilichojishona ndani ya mgomba hakina. Njia hii inafaa pia kwa BBTV. Hata hivyo, vipande vilivyolala vinaweza kuamka mgomba ukiteseka, kwa mfano wakati wa kuzalisha miche ndani ya chupa, kwa hiyo miche ya labo ya makemba nayo inahitaji kupimwa. "Imetoka labo" si sawa na "ni safi".

Kwa mahali ambapo umeme ni bahati, kipo kipimo kinachoitwa LAMP. Kinafanya kazi kwa joto moja la digrii 60 hadi 65, bila mashine ya kupasha na kupoza, na jibu linaweza kupatikana ndani ya saa moja hivi. Ubaya wake: ni chepesi kuchafuliwa. Tone dogo la kazi ya jana likibaki mezani, leo kila mgomba utaonekana mgonjwa.

Kupima kila mche hakuwezekani, na hakuna anayelidai. Kinachofaa ni kuchagua migomba-mama michache iliyo mbali na mashamba yenye dalili, kuipima kabla ya msimu wa kugawa, na kuifunga alama. Ule unaopatikana na BBTV hautoshi kukatwa kwa panga, maana unachipua tena na vidukari vinahamia kwa jirani. Vidukari vinauawa kwanza, halafu shina lote linang'olewa pamoja na kiazi chake na watoto wake wote. Na ule uliopita salama unapimwa tena msimu unaofuata, kwa sababu jibu la labo linaeleza siku ile jani lilipokatwa, na kidukari kinaweza kufika kesho yake asubuhi.