Kina Ndayishimiye wasio ndugu

Ita "Ndayishimiye!" kwenye foleni ya mgao wa chakula kambini Nduta, wilayani Kibondo, na usishangae wakigeuka watu kadhaa wasiojuana. Ni jina la kumshukuru Mungu, na Warundi wamelipenda. Analo rais wao tangu Juni 2020, Évariste Ndayishimiye. Analo Youssouf Ndayishimiye, mwanasoka aliyesajiliwa na Nice ya Ufaransa mwaka 2023. Hata Rwanda yupo Eric Ndayishimiye, kipa wa zamani wa Rayon Sports, maarufu kwa jina la Bakame.

Anayetafuta ukoo hapo atapotea. Kwa desturi ya Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, la baba likabaki kwa baba. Hayati Pierre Nkurunziza, aliyetawala kuanzia 2005 hadi 2020, alikuwa mwana wa Eustache Ngabisha, mbunge wa mwaka 1965 aliyeuawa katika mauaji ya 1972, yaleyale yaliyowakimbizia Warundi wengi Tanzania. Majina yao hayagusani ila kwa herufi ya kwanza. Tena Michel Micombero aliyeondoa ufalme 1966, Jean-Baptiste Bagaza aliyempindua 1976 na Pierre Buyoya aliyempindua Bagaza 1987, wote walitoka Rutovu, mkoani Bururi. Nchi walipokonyana watu wa kwao, lakini kwa kusoma majina tu usingejua.

Wapenzi wa soka huku kwetu wanayo mifano yao. Haruna Niyonzima alitua Yanga 2011, akahamia Simba 2017; mwaka 2020 Azam nao wakamsajili Ally Niyonzima. Wote ni viungo, wote Wanyarwanda. Mgeni angeapa kwamba ni kaka na mdogo wake.

Nduta ilihifadhi Warundi tangu miaka ya 1990, ikafungwa, ikafunguliwa tena Oktoba 2015 baada ya vurugu za muhula wa tatu wa Nkurunziza. Mbele ya mwandikishaji baba, mama na watoto watano wanaweza kuwa na majina saba tofauti. Karatasini, kinachowafunga pamoja ni namba ya kaya.

Waha wenyeji, ambao Kiha chao husikilizana na Kirundi, wana majina ya sauti ileile: Nsanzugwanko, Ndalichako, yote yamefika bungeni kutoka Kasulu. Tofauti ni kwamba upande huu wa mpaka jina la babu limeganda likawa la ukoo, na mjukuu huandikishwa nalo shuleni.