Majahazi ya Sur na Sheria ya Mataifa

Wapo wanaodhani kuwa sheria ya mataifa ilizaliwa Ulaya, kwa mambo ya Ulaya, ikaletwa Mashariki baadaye. Na dhana hiyo haisimami mbele ya taarikh. Katika karne ya 2 ya Hijra fakihi Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alikwisha kuzikusanya hukumu za vita, sulhu na mgeni aliyepewa amani. Na huyo Hugo Grotius, ambaye Wazungu humhesabu kuwa mwasisi, aliingia katika ilimu hii kwa kesi ya ngawira iliyotoka bahari za Mashariki: mwaka 1603 Waholanzi waliiteka karibu na Singapore merikebu ya Kireno, Santa Catarina, iliyosheheni mali ya Uchina, na kampuni yao ya biashara ikamtaka mwanasheria huyo kijana aitetee. Katika utetezi huo ndimo kilimotoka kitabu chake cha 1609, Mare Liberum, kisemacho kuwa bahari kuu haina mwenyewe. Hoja ni njema, ijapokuwa ni ya wakili aliyekuwa na mteja.

Karne zikapita, sheria hiyo ikikaa katika vitabu vya wanazuoni na mikataba ya wafalme, hata mwaka 1899 Kaisari Nicholas II wa Urusi alipowaita wajumbe wa dola 26 mjini The Hague, wakaziandika kanuni za vita vya nchi kavu na kuasisi Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi.

Miongoni mwa kesi za mwanzo za mahakama hiyo ilikuwamo ya majahazi ya Sur, bandari ya Omani, ambayo mabaharia wake walishuka pwani yetu kwa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi. Manowari za Kiingereza zilikuwa na idhini, kwa mikataba na Masultani wa Maskati na Unguja, ya kuvipekua vyombo vya raia zao na kuvikamata vilivyochukua watumwa. Lakini Ufaransa haikuridhia kabisa chombo chenye bendera yake kipekuliwe na wageni, na kwa hiyo nahodha wa Sur aliyepata hati ya Kifaransa alipita salama, awe amebeba tende au amebeba wanadamu. Uingereza ikanung'unika kwamba bendera hizo zinaudhalilisha uhuru wa Sultani wa Maskati, uhuru ambao dola hizo mbili ziliahidi kuuheshimu, pamoja na wa Sultani wa Unguja, kwa tamko la tarehe 10 Machi 1862.

Hukumu ilitoka tarehe 8 Agosti 1905. Waamuzi watatu walikata kuwa kabla ya tarehe 2 Januari 1892, siku Ufaransa ilipouthibitisha Mkataba wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa, ilikuwa na haki ya kutoa bendera kwa sheria zake yenyewe. Baada ya siku hiyo, haikuruhusiwa kuwapa raia wa Sultani ila wale waliokuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu kabla ya 1863. Wenye hati halali walibaki nazo, lakini hawakuweza kuzirithisha wala kuzihamishia jahazi jingine, wala hazikuwatoa katika hukumu ya Sultani wao. Sultani mwenyewe, Seyyid Faisal bin Turki, ambaye raia na bahari yake ndivyo vilivyobishaniwa, hakuwa mdai wala mdaiwa: wenye shauri walikuwa Uingereza na Ufaransa.