Shairi Lisilo na Mwenyewe

Mwanafunzi anayeingia darasa la juu la fasihi ya Kiingereza, ambalo kwetu ni la kidato cha tano na cha sita, hutarajia kukuta tamthilia ya Shakespeare, riwaya mbili tatu na mashairi. Hayo atayakuta. Lakini kimtiacho hofu zaidi ni shairi ambalo hajapata kuliona, na chini yake agizo: eleza namna mtunzi alivyotumia lugha kuijenga maana. Hapo maelezo ya kukariri hayamfai kitu. Wengi hudhani kuwa ndivyo mashairi yalivyofundishwa tangu zama na zama. Sivyo. Desturi hii ina kwao, na umri wake ni kama miaka mia moja tu.

Kwao ni Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Katika miaka ya 1920, mwalimu I. A. Richards aliwagawia wanafunzi wake mashairi yaliyoondolewa majina ya watunzi, akawataka waandike waliyoyaona. Mwaka 1929 alichapisha kitabu Practical Criticism, kilichochambua majibu hayo juu ya mashairi 13. Vijana waliosoma sana waliteleza vibaya. Wengine hawakuipata hata maana ya wazi; wengine waliingiza kumbukumbu zao ambazo shairi halikuzitaja; wengine walitoa hisia za kuazima. Funzo lake lilikuwa zito: jina kubwa la mtunzi huweza kumsomea msomaji shairi, naye akadhani amesoma mwenyewe.

Funzo hilo lilisafiri. Nchini Marekani, Cleanth Brooks na Robert Penn Warren walilipa nguvu kwa kitabu chao Understanding Poetry cha mwaka 1938. Mitihani ya masomo ya juu kwa shule za sekondari ilipoanza huko katika miaka ya 1950, usomaji huo wa neno kwa neno ulikuwa umekwisha kushika mizizi. Hadi leo mtahiniwa wa fasihi huandika insha tatu kwa saa mbili: ya shairi, ya kipande cha nathari, na ya kitabu akichaguacho mwenyewe.

Afrika Mashariki tuliupokea usomaji huo pamoja na mitihani ya Cambridge iliyofanywa huku enzi za ukoloni. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Chuo Kikuu cha Nairobi kiiondoe Idara ya Kiingereza, na fasihi ya Afrika, ikiwamo simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Vitabu vikabadilika. Lakini zoezi la shairi geni halikung'oka.

Sasa tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mengi katika mashairi yake yalikuwa na mlengwa na siku yake: yalijibu, yalionya, yalichokoza, katika zama za mvutano wa Mazrui na Seyyid Said uliokoma mwaka 1837. Baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia W. E. Taylor kuyakusanya na kuyaeleza. Bila ya maelezo ya namna hiyo, fumbo lililomlenga hasimu huweza kusomwa kama wasia wa kawaida, na msomaji asijue alichokosa. Kwetu sisi, kulijua shairi ni pamoja na kujua limesemwa na nani, kwa nani, na kwa lipi.

Je, mwanafunzi wetu aache moja ashike jingine? Kazi ya kufasiri imenifunza kuwa haiwezekani. Nikiijua siku ya shairi nisiyapime maneno yake, nafasiri habari. Nikiyapima maneno nisiijue siku yake, nafasiri kivuli. Na kijana aliyelelewa penye mashairi haendi darasani mikono mitupu: aliyefunzwa kuhesabu mizani na kuvizia fumbo anajua tayari kwamba neno halikuwekwa bure. Asikubali kuambiwa kuwa ujuzi huo ni wa barazani tu.

Kwa walimu nina ombi moja. Wapeni shairi kwanza bila ya jina, waandike. Kisha leteni jina, mwaka na kisa chake, waandike tena. Tofauti ya karatasi hizo mbili ndiyo iwe somo la siku hiyo. Na visa vya mashairi yetu viandikwe sasa, maadamu wazee wavijuao wangali hai.