Barabara ya Kusini: Historia Fupi ya Chuo cha Diplomasia, Kurasini

Mwaka 2028 Chuo cha Diplomasia cha Kurasini kitatimiza miaka 50. Watakaokiadhimisha wataanza na vita vya ukombozi, na ni haki yao. Naomba tu waifuate Barabara ya Kilwa, wapite Mbagala na Mkuranga, wafike Kibiti.

Kurasini haikuwa ngeni kwa Wamsumbiji. FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na mwaka uliofuata Taasisi ya Msumbiji, chini ya Janet Mondlane, ikaanza kusomesha hapo vijana waliokimbia utawala wa Wareno. Msumbiji ikapata uhuru mwaka 1975. Miaka mitatu baadaye serikali mbili zilikubaliana kuwa na chuo kimoja cha kuandaa mabalozi wao na kutafiti mambo ya nje. Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania alikuwa Benjamin Mkapa, na wa Msumbiji Joaquim Chissano, aliyewahi kuishi Dar es Salaam wakati wa mapambano. Wote wawili baadaye walikuwa marais. Mwaka 1986 Msumbiji ilianzisha taasisi yake ya uhusiano wa kimataifa mjini Maputo. Chuo cha Kurasini sasa kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyempokea Mkapa wizara hiyo mwaka 1980 na kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuanzia 1989 hadi 2001.

Mkapa huyohuyo ndiye aliyeiachia barabara ya kusini daraja la Mto Rufiji linaloitwa kwa jina lake, lililofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu mita 970. Kabla yake magari yalingoja pantoni Ndundu, na masika yakichachamaa, Lindi na Mtwara zilikuwa kama nchi nyingine.

Delta ya Rufiji ilijuana na ng'ambo kabla ya wizara yoyote. Mikoko yake, hekta zipatazo 50,000, ilitoa boriti zilizopakiwa majahazini kwenda kuezeka nyumba za Uarabuni. Mwaka 1915 Waingereza waliipiga humo manowari ya Kijerumani Königsberg hadi mabaharia wake wakaizamisha wenyewe, katika ugomvi ambao Wandengereko, wenyeji wa hapo, hawakuuanzisha.

Kisha ikaja miaka ambayo Kibiti, wilaya yenye delta hiyo, haipendi kuisimulia. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa, mmoja baada ya mwingine, na polisi pia. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane walipoteza maisha katika shambulio moja. Pikipiki zikapigwa marufuku usiku. Familia zikahama. Oktoba mwaka huohuo Mocímboa da Praia, Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ikashambuliwa, na watafiti wengi wameona uhusiano kati ya washambuliaji waliokimbia Kibiti na waliochukua silaha kule. Mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilivamiwa kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwezi uliofuata polisi wa nchi mbili wakatia saini makubaliano ya kushirikiana. Mwaka 2021 askari wa Tanzania waliingia Cabo Delgado chini ya bendera ya SADC.

Kwangu mimi hapo ndipo makubaliano ya 1978 yanapopata uzito. Nchi mbili zilijenga chuo pamoja kwa sababu zilijua usalama wa moja unalala mlangoni mwa nyingine. Kumfundisha balozi itifaki na lugha ni kazi njema, na chuo kimeifanya. Lakini anayeongoza programu ya watafiti vijana katika chuo chenye asili hii ana deni la kuwatoa maktabani. Ripoti ya Kibiti haiandikwi kwa wiki moja ya hotelini. Watu waliozika jamaa zao hawamfungukii mgeni mwenye dodoso na gari linalounguruma nje. Mtafiti aanzie Nyamisati, zinakofunga boti za Mafia, aingie visiwani na wavuvi, akae msimu mzima wa kilimo cha mpunga. Awe na Kiswahili cha kukaa barazani na wazee wa Mbwera, na Kireno cha kumwezesha kuuliza maswali yaleyale Palma, Cabo Delgado.