Baba Kitini, Mama Jikoni: Picha za Vitabu vya Kiingereza Ngara na Biharamulo

Mtoto wa Kihangaza katika vilima vya Ngara, kama mwenzake wa Kisubi kule Biharamulo, hukua katika lugha isiyobagua mume na mke inapomtaja mtu. Hata akisema kwa Kiswahili kwamba dereva amelala, msikilizaji hajui dereva huyo ni bwana ama bibi mpaka aulize. Lakini siku anapofunguliwa kitabu cha Kiingereza hukutana na "he" na "she", akalazimika kuchagua kabla sentensi haijasimama; na kwa kuwa maneno yenyewe bado ni mageni kwake, hakimu wa kuamua huwa ni picha.

Lugha hiyo ilichelewa kufika huku. Wajerumani, waliojenga boma la Biharamulo, waliendesha utawala wao kwa Kiswahili. Waingereza ndio waliokileta Kiingereza walipokabidhiwa Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa mwaka 1922. Zama hizo wasichana walikuwa wachache mno darasani, na elimu waliyokusudiwa aghalabu ilikuwa maarifa ya nyumbani: kushona, kupika na kulea, basi si ajabu kwamba picha nazo zilifuata kusudio hilo.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi, na Kiingereza kikabaki somo miongoni mwa masomo. Miaka kumi baadaye, Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza kutekelezwa, mabinti wakafurika madarasani. Lakini kitabu hakikubadilika kwa kasi ya milango. Naukumbuka ukurasa mmoja, ambao wanafunzi watano tuliuinamia pamoja, pembe yake imekwisha kuwa nyeusi kwa vidole: baba ameketi kitini akisoma gazeti, mama amepiga magoti mbele ya mafiga, mvulana anapiga mpira, msichana ameshika ufagio. Mwalimu akauliza kila mmoja anafanya nini, nasi tukajibu kwa sauti moja, tukidhani tunajifunza vitenzi tu, kumbe twajifunza pia ni nani mwenye haki ya kila kitenzi.

Na ajabu ya picha hizo ni kwamba zilikanusha hata yale tuliyoyaona kwa macho yetu. Huko kwetu, alfajiri, aliyetangulia kwenye migomba na maharage akiwa na jembe begani, na mtoto mgongoni, alikuwa mama. Ilhali mkulima wa kitabuni alivaa suruali na kofia. Mama yetu, aliyetulisha kwa mikono yake, hakupewa kazi ukurasani ila ile ya kupakua.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1985 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na miongoni mwa vitabu vya ziada vya Kiingereza vya sekondari kikasomwa cha Richard Mabala, *Hawa the Bus Driver*, ambacho shujaa wake ni mwanamke aliyeshika usukani wa basi. Baadaye vitabu vya kiada vikapita mikononi mwa wachapishaji binafsi, kisha, kuanzia 2013, vikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Na kila vilipobadili mikono, wachoraji walipata fursa ya kupanga upya viti na mafiga.

Wengi wanapopima maendeleo hayo huhesabu vichwa: wanaume wangapi, wanawake wangapi. Hesabu hiyo ina manufaa, lakini haitoshi, kwani ukurasa waweza kujaa wasichana na wote wakawa wanatazama mvulana akifanya kazi. Kinachostahili kupimwa ni kitenzi. Mwalimu wa Rulenge au wa Nyakahura na aifunike picha kwa kiganja, ayasome maneno ya kwamba dereva amefika, kisha awaulize wanafunzi waseme kwa Kiingereza anafanya nini sasa. Wakijibu "he" kabla kiganja hakijaondoka, basi atajua kwamba picha zile za kale hazikubaki katika vitabu vilivyochakaa. Zingali zinasomwa, japo hakuna aliyezifungua.